Nyaraka za Langston Hughes Katika Chuo Kikuu cha Yale: Nani Alizihifadhi, na Zinasema Nini

Katika mwezi wa Juni 1923, kijana mmoja wa Kimarekani mwenye umri wa miaka ishirini na miwili alisimama usiku kwenye sitaha ya meli ya mizigo iliyokuwa ikitoka New York kuelekea pwani ya Afrika ya Magharibi, akavitupa vitabu vyake baharini, kimoja baada ya kingine. Diwani ya Walt Whitman peke yake ndiyo iliyosalimika. Kijana huyo alikuwa Langston Hughes, na kisa chenyewe ndicho alichokifanya kuwa mlango wa kuingilia tawasifu yake, The Big Sea, iliyotoka mwaka 1940. Alikuwa amekichoka chuo, amemchoka baba yake, na vitabu vile vilimkumbusha yote mawili.

Yafaa tuanze na kisa hiki kwa sababu mtu huyo huyo aliyevitosa vitabu vyake alikuja kuwa miongoni mwa washairi waliotunza makaratasi yao kwa uangalifu usio wa kawaida. Barua alizozipokea, nakala za kaboni za barua alizozipeleka, miswada ya mashairi katika hatua zake mbalimbali, picha, vipande vya magazeti, madaftari ya safari, mikataba ya wachapishaji: yote haya leo yamejaza mamia ya masanduku ndani ya Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, ambako yanajulikana kwa alama ya JWJ MSS 26. Hakuna mhakiki wa fasihi ya Weusi wa Marekani ya karne ya ishirini awezaye kuyakwepa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mkusanyo huo ulivyopata kuwako, na kutoa hoja moja juu yake. Wasomi wengi, nasi tukiwamo, hupenda kuziendea nyaraka za mwandishi kana kwamba ni mabaki ya maisha yake, vitu vilivyodondoka njiani na kuokotwa na wakutubi. Nyaraka za Hughes si mabaki. Ni kazi iliyotungwa, tena kwa muda mrefu kuliko diwani yake yoyote, na kwa hiyo yatupasa kuisoma kwa uhakiki ule ule tunaousomea utungo. Hata hivyo ni kazi ya ajabu kidogo, kwani mtunzi wake hakuweza kuitawala mpaka mwisho. Imehifadhi hata yale ambayo yeye mwenyewe, alipochagua mashairi ya kuchapisha, aliona heri ayaache nje.

Asili ya mkusanyo ni kifo. Mnamo tarehe 26 Juni 1938 gari alimokuwamo James Weldon Johnson liligongwa na treni katika jimbo la Maine, naye akafa. Johnson alikuwa mshairi, aliwahi kuwa balozi mdogo wa Marekani huko Venezuela na Nicaragua, na kwa miaka kadhaa alikuwa katibu wa chama kikubwa cha kutetea haki za Weusi, NAACP. Marafiki zake walifikiria kwanza kumsimamishia sanamu mjini New York. Sanamu haikusimama. Badala yake, mwaka 1941, mmoja wao, Carl Van Vechten, alikitolea Chuo Kikuu cha Yale mkusanyo wake mwenyewe wa vitabu, barua, sahani za santuri na picha zilizohusu Weusi, kwa sharti kwamba uitwe kwa jina la Johnson. Herufi JWJ katika alama tuliyoitaja hapo juu ndizo herufi za jina hilo.

Van Vechten anastahili aya yake mwenyewe, kwa kuwa bila yeye pasingekuwa na habari ya kusimulia. Alikuwa Mzungu, mzaliwa wa Iowa mwaka 1880, mhakiki wa muziki, mwandishi wa riwaya, na baadaye mpiga picha aliyewapiga picha karibu wasanii wote Weusi wenye jina katika zama zake. Ni yeye aliyeupeleka mswada wa diwani ya kwanza ya Hughes, The Weary Blues, kwa mchapishaji Alfred A. Knopf, ikatoka mwaka 1926 ikiwa na utangulizi wake. Mwaka huo huo alichapisha riwaya yake juu ya Harlem ambayo jina lake pekee lilikuwa tusi, na ambayo Weusi wengi hawakumsamehe. Hughes alimtetea. Urafiki wao ulidumu mpaka Van Vechten alipofariki mwaka 1964, na barua zao, ambazo Emily Bernard alizichagua na kuzichapisha mwaka 2001, zinamwonyesha Van Vechten akiomba, akihimiza, na nyakati nyingine akisumbua: usitupe kitu, kila karatasi lina thamani yake. Mtu asiyezoea kazi ya nyaraka anaweza kuyacheka maombi hayo. Sisi tuliowahi kutafuta mswada wa mtungaji kwa wajukuu zake na kuambiwa kwamba uliliwa na mchwa hatuwezi kuyacheka.

Lakini kwa nini Yale? Swali hili haliepukiki. Harlem ilikuwa na hazina yake: mwaka 1926 Maktaba ya Umma ya New York ilikuwa imenunua, kwa dola 10,000 zilizotolewa na Shirika la Carnegie, mkusanyo mkubwa wa Arturo Schomburg, Mweusi aliyezaliwa Puerto Rico, nao uliwekwa katika tawi la Mtaa wa 135. Kutoka nyumba ya Hughes katika Mtaa wa 127 hadi hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Vilikuwako pia vyuo vya Weusi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, alikohitimu Hughes mwenyewe mwaka 1929. Yale ya mwaka 1941 ilikuwa na wanafunzi Weusi wachache mno.

Van Vechten alikuwa na jibu, na ni jibu la kupendeza. Mkusanyo wake juu ya Weusi aliupeleka kwenye chuo cha Wazungu. Na mkusanyo wake wa muziki, aliouita kwa jina la George Gershwin, akaupeleka katika Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha Weusi huko Nashville, Tennessee. Kusudi lake lilikuwa kwamba mtafiti Mzungu alazimike kwenda kusoma kwa Weusi, na mtafiti Mweusi awe na haki ya kuingia kwa Wazungu. Hoja hiyo ina uzuri wake, ila mtu angeweza kuuliza nani alipata tabu zaidi ya nauli. Msomi Mzungu aliyefika Nashville katika miaka ile alipata hoteli ya kulala usiku huo huo. Isitoshe, sababu nyingine zilikuwa wazi zaidi: Yale ilikuwa na fedha, ilikuwa na jengo lisiloshika moto kirahisi, na ilikuwa na jina. Kuingiza makaratasi ya Weusi mahali kama hapo kulikuwa ni kudai kwamba fasihi hiyo ni fasihi, katika nchi ambayo watu wengi wenye elimu walikuwa bado hawajakubali. Mkusanyo ulifunguliwa rasmi mnamo Januari 1950, na mwaka 1963 ukahamia katika jengo jipya la Beinecke.

Hughes aliitikia wito wa rafiki yake mapema, akaendelea kuuitikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 aliishi katika nyumba namba 20, Mtaa wa 127 Mashariki, pamoja na Emerson na Toy Harper, ambao kwake walikuwa kama wazazi. Alifanya kazi usiku, akalala asubuhi, na kutoka katika nyumba hiyo makaratasi yalikwenda New Haven fungu baada ya fungu. Mshairi aliyeishi kwa kalamu yake peke yake, asiye na mshahara wa chuo wala mali ya urithi, alijua bei ya kila ukurasa; na bado alitoa.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza kuhitajika. Mtu anayeandika barua akijua kwamba itasomwa na rafiki yake peke yake huandika kwa namna moja. Anayejua kwamba nakala yake itapelekwa maktaba huandika kwa namna nyingine. Barua za Hughes za baada ya 1941 ni za mtu mchangamfu, mpole, mwingi wa mzaha, asiyelalamika ila kuhusu fedha na uchovu. Je, hiyo ndiyo tabia yake, au ndiyo sura aliyotaka tuione? Kuhusu mapenzi yake ya moyoni, kwa mfano, masanduku yale karibu yote yamenyamaza. Arnold Rampersad, ambaye wasifu wake wa Hughes ulitoka katika mabuku mawili mwaka 1986 na 1988, aliyapitia makaratasi hayo kuliko mtu mwingine yeyote kabla yake, na hata hivyo hakupata ushahidi wa kumwezesha kulifunga suala hilo. Waliomlaumu kwa hukumu yake walikuwa wanasoma ukimya ule ule aliousoma yeye.

Tofauti kati ya aliyehifadhiwa na asiyehifadhiwa inaonekana vizuri sana tukimweka Hughes kando ya Zora Neale Hurston. Mwaka 1930 wawili hao, wakiwa marafiki na wakilipwa na mfadhili mmoja, mama tajiri Charlotte Osgood Mason, walishirikiana kutunga tamthilia ya kuchekesha iliyotokana na ngano aliyoikusanya Hurston kusini. Waliiita Mule Bone. Kabla haijaigizwa walikosana. Mapema mwaka 1931 Hughes, akiwa Cleveland, aligundua kwamba kikundi kimoja cha maigizo cha huko kilikuwa na nakala iliyokuja bila jina lake. Aliyekuwa ameipitisha nakala hiyo kwa watu wa michezo, bila kumwambia hata Hurston, alikuwa Van Vechten yule yule. Barua zikaruka huku na huku, urafiki ukafa. Tamthilia haikuonyeshwa jukwaani New York mpaka mwaka 1991, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, na mwaka huo huo ikachapishwa pamoja na barua za ugomvi.

Sasa tuangalie yaliyowapata makaratasi ya hawa mahasimu wawili. Ya Hughes yalikuwa Yale, katika mpango. Hurston alifariki mwaka 1960 huko Fort Pierce, Florida, akiwa maskini, na baada ya kifo chake vitu vyake vilianza kuchomwa uani. Afisa mmoja wa polisi aliyemfahamu alipita, akauona moshi, akasimama, akauzima moto kwa maji. Yaliyonusurika yamo leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida huko Gainesville, mengine yakiwa yameungua pembezoni. Ni kweli kwamba Hurston naye aliwahi kumpa Van Vechten baadhi ya miswada yake kwa ajili ya Yale, na barua zake kwa watu wengine zimebaki kwa hao watu wengine. Lakini mwanahistoria wa ugomvi wa Mule Bone anaye shahidi mmoja aliyekuja na mafaili yake yote, nakala za kaboni zikiwamo, na shahidi mwingine aliyekuja na majivu. Usomaji usiolizingatia jambo hili utampa Hughes haki zaidi ya anayostahili, si kwa sababu alisema uongo, bali kwa sababu alitunza nakala.

Tumekwisha kusema kwamba mkusanyo huu haukumtii mwenyewe kila mara. Ushahidi wa hayo ni mambo ya miaka ya 1950. Katika miaka ya 1930 Hughes alikuwa mshairi wa mrengo wa kushoto, tena bila kificho. Mwaka 1932 alikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na vijana Weusi waliotarajia kutengeneza filamu. Filamu ilivunjika, naye akaendelea na safari mpaka Asia ya Kati, akaandika madaftari juu ya mashamba ya pamba ya Wauzbeki na Waturukimeni, akiyalinganisha na mashamba ya pamba ya kwao. Akatunga mashairi makali, mojawapo dhidi ya wale wanaofanya biashara kwa jina la Kristo, na shairi hilo lilimfuata kama kivuli kwa miaka ishirini. Wahubiri waliandamana mbele ya kumbi alimotakiwa kusema. Mwisho wake ulikuwa mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy. Tarehe 24 Machi 1953 alihojiwa faraghani, na siku mbili baadaye hadharani. Hakumtaja mtu mwingine yeyote kwa ubaya, lakini alikubali kuyaweka kando maandishi yake ya zamani. Kumbukumbu za kikao cha faragha zilitolewa kwa umma mwaka 2003 tu, na ukizisoma pamoja na zile za hadharani unaona kwamba mtu aliyejibu kwa ukakamavu katika chumba kilichofungwa alikuja kusema kwa sauti ya chini penye kamera.

Baada ya hapo alijipunguza. Katika kitabu cha wasifu wa Weusi mashuhuri alichowaandikia vijana mwaka 1954, W. E. B. Du Bois hayumo, wala Paul Robeson. Ni jambo zito hilo: Du Bois ndiye aliyekuwa mhariri wa The Crisis, jarida lililomchapishia Hughes shairi lake la mito mwaka 1921, shairi ambalo kwa maelezo yake alikuwa ameliandika nyuma ya bahasha ndani ya treni, alipokuwa akienda kwa baba yake Meksiko. Na alipokusanya mashairi yake mateule kwa Knopf mwaka 1959, yale ya kimapinduzi aliyaacha nje. Kizazi kizima cha wasomaji kilimjua Hughes wa bluzi na jazi, wasimjue yule mwingine.

Lakini hakuyachoma. Miswada ya miaka hiyo, madaftari ya Asia ya Kati, barua za wenzake wa kushoto, vyote vimo. Mwaka 1973 Faith Berry alichapisha mkusanyo wa maandishi yake ya kupinga dhuluma, na kuanzia hapo taswira ya mshairi ikaanza kubadilika. Diwani kamili iliyohaririwa na Rampersad na David Roessel ikafuata mwaka 1994. Twaona basi kwamba mtu mmoja aliwaandikia walimwengu diwani mbili tofauti. Moja aliichapisha mwaka 1959 kwa walio hai, akiwa na hofu na akiwa na haki ya kuwa na hofu. Nyingine aliifunga katika masanduku na kuwapelekea watu ambao hawajazaliwa. Ni vigumu kuamini kwamba hakujua alichokuwa akikifanya.

Kwa wasomaji wa jarida hili, sehemu ya mkusanyo inayotuhusu kwa karibu zaidi ni ile ya barua zake na waandishi wa Afrika. Mwaka 1953 jarida la Drum la Johannesburg lilimwomba awe mmoja wa waamuzi wa shindano la hadithi fupi. Alizisoma, akavutiwa, akaanza kuwaandikia watunzi wenyewe. Katika miaka iliyofuata aliandikiana na Ezekiel Mphahlele, Richard Rive, Bloke Modisane, Peter Abrahams, Peter Clarke na wengine, akiwatumia vitabu, akiwatafutia wachapishaji, na kuwaomba maandishi. Matunda ya kwanza yalikuwa An African Treasury, mkusanyo wa mwaka 1960, ambao serikali ya Afrika Kusini iliupiga marufuku. Wa pili ulikuwa Poems from Black Africa, wa mwaka 1963.

Thamani ya barua hizo inatokana na mambo mawili. La kwanza ni zile nakala za kaboni: kwa kuwa Hughes aliziweka pamoja na barua alizozipokea, mazungumzo yote yamekaa mahali pamoja, swali na jibu lake. La pili ni hali ya waliomwandikia. Mphahlele alihama nchi yake mwaka 1957, Modisane mwaka 1959; mwaka 1966 serikali ya Pretoria iliwapiga marufuku waandishi wengi waliokuwa uhamishoni wasinukuliwe hata neno ndani ya nchi; na mwaka huo huo District Six, mtaa wa Cape Town alikozaliwa Rive, ulitangazwa kuwa wa Wazungu, ukaja kubomolewa. Mtu anayehama na sanduku moja hachukui mafaili. Sauti za kizazi hicho zilipotakiwa tena, wahariri Shane Graham na John Walters walizipata zikiwa salama New Haven, wakazichapisha kitabuni mwaka 2010. Hivyo hifadhi iliyoanzishwa kwa kumbukumbu ya Mmarekani mmoja imegeuka kuwa makavazi ya fasihi ya nchi nyingine.

Hata hivyo kuna waliokosa kuingia, na kukosa kwao si bahati mbaya. Mnamo Juni 1962 Hughes alifika Kampala kuhudhuria mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere chini ya uenyekiti wa Mphahlele. Walikuwako Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, na kutoka kwetu Grace Ogot, Rebeka Njau na mwanafunzi mmoja wa Makerere aliyeitwa James Ngugi. Fedha za mkutano zilitoka kwa shirika la kimataifa ambalo, kama ilivyofichuliwa mnamo 1966 na 1967, lilikuwa likifadhiliwa kwa siri na idara ya ujasusi ya Marekani. Lakini hilo silo tunalolifuata hapa. Jambo letu ni jina la mkutano wenyewe, lililosema kwamba ulikuwa wa waandishi Waafrika watumiao Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwanafunzi wa 1962, aliyefariki mwaka 2025, alilirudia jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili: kwa kipimo kile, mwanafunzi mwenye hadithi mbili tatu za Kiingereza alialikwa, na Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya ushairi na nathari, hakualikwa. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962.

Kipimo hicho kimeacha alama yake katika kazi ya Hughes. Poems from Black Africa inazitaja katika jina lake refu nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, lakini Tanganyika haimo, wala Zanzibar haimo. Hatudhani kwamba Hughes alikidharau Kiswahili. Mtu huyu alikuwa mfasiri: alishiriki kumtafsiri Jacques Roumain wa Haiti mwaka 1947 na Nicolás Guillén wa Kuba mwaka 1948, na peke yake akamtafsiri Gabriela Mistral wa Chile mwaka 1957. Hakuwa mtu wa kuona kwamba shairi limepungua hadhi kwa kuwa halikutungwa kwa Kiingereza. Isitoshe, kitabu cha Lyndon Harries juu ya ushairi wa Kiswahili, chenye matini na tafsiri za Kiingereza, kilitoka Oxford mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya mkusanyo wa Hughes. Kasoro ilikuwa katika njia yenyewe ya kukusanya. Alikusanya kwa barua. Barua zilikwenda kwa wale aliowajua au waliotajwa na wale aliowajua. Nao walijuana katika Kiingereza. Mtunzi wa Lamu au Tanga hakuwa katika mnyororo huo. Msomi atakayekwenda New Haven miaka hamsini ijayo kutafuta hali ya ushairi wa Afrika mwaka 1962 atakuta ushahidi mwingi, umepangwa vizuri, na atakuwa na kila sababu ya kudhani kwamba Afrika ya Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuandika.

Tusisahau kwamba na sisi tunayo mifano ya kuhifadhi, ila ni ya namna nyingine. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 zimetufikia, nazo zimechapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi. Zimetufikia kwa sababu ndugu alizitunza. Hapakuwa na Van Vechten, hapakuwa na nakala za kaboni, na kwa kawaida ya mambo kama hayo tunalosikia zaidi ni neno la aliyeandika. Kwa upande mmoja ni hasara. Kwa upande mwingine, huyu aliandika kwa nduguye, asiandike kwa maktaba, na mhakiki anayelinganisha hizo mbili atasikia tofauti ya sauti mara moja: huku fedha, kazi, watoto na maradhi vinasemwa kama vilivyo.

Hughes alifariki New York tarehe 22 Mei 1967. Vitabu vyake viliachiwa Chuo Kikuu cha Lincoln, makaratasi yaliyobaki yakafuata mengine Yale, na usimamizi wa kazi zake ukawa mikononi mwa wasii wake, rafiki yake wa siku nyingi Arna Bontemps na aliyekuwa katibu wake, George Houston Bass. Barua za Bontemps na Hughes zilitoka kitabuni mwaka 1980. Majivu ya mshairi, kwa bahati nzuri, hayakwenda New Haven. Mwaka 1991 yalizikwa Harlem, chini ya sakafu ya Kituo cha Schomburg, penye mchoro wa duara unaokumbuka shairi lake la mito. Leo sehemu ya miswada na picha za Yale imetiwa katika mtandao wa intaneti, kwa hiyo hata ile nauli tuliyoitaja imepungua.

Jambo moja limebaki, dogo kwa ukubwa. Katika maisha yake yote Hughes alisema kwamba alizaliwa tarehe 1 Februari 1902, na vitabu vyote, pamoja na wasifu wa Rampersad, vilirudia hivyo. Mwaka 2018 mshairi mmoja wa Kansas, Eric McHenry, alipokuwa akisoma magazeti ya zamani ya Weusi, alimkuta mtoto Langston Hughes akitajwa katika habari za jamii za mji wa Topeka mnamo Desemba 1901: alikuwa ameugua, na sasa anapata nafuu. Tangu hapo wasomi wamekubali mwaka 1901. Habari hiyo haikutoka katika masanduku ya Yale. Ilitoka katika gazeti la Weusi la mjini Topeka, Plaindealer, lililowaandikia wasomaji wake juu ya homa za watoto wa majirani.